Matembezi ya Inspekta

Jumatatu, 8 Agosti 1988

Mbwa wetu Inspekta ameanguka tena! Alimfukuza kuku wa Bi Dhahabu, muuza mahamri, akakohoa, miguu ikalegea — chali mchangani. Nilidhani amekufa. Kisha akaamka na kutikisa mkia, kama hakuna lililotokea.

Baba akampakia kwenye baiskeli, mimi nikikimbia nyuma mpaka kwa daktari wa mifugo. Daktari ni mzee, ana nywele masikioni. Akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Vali moja ya moyo haifungi sawasawa, alisema, damu inarudi ilikotoka. Haiponi. Baba akauliza kama si afadhali sindano ya mwisho, maana hapendi kuona kiumbe akiteseka. Mimi nikalia kwa sauti. Aibu!

Daktari akasema tujaribu mpaka shule zifunguliwe. Vidonge, na mazoezi ya polepole. Wengine huwalaza tu ndani mbwa wa namna hii, lakini moyo ni msuli, ukilazwa unazidi kulegea. Atembee, apumzike, atembee tena. Asikimbie. Akianguka tena — Baba akasema basi, itakuwa sindano.

Jumatano, 10 Agosti

Tumetoka kabla ya jua kali. Kutembea anajua, kupumzika hataki! Anavuta kamba mpaka anakohoa. Bibi Kafedha amecheka hadi kanga ikamtoka begani. Ati Utange nzima watu wanatembea kwa shida zao, mbwa wetu anatembea kama mtalii wa hoteli za Shanzu.

Jumamosi, 13 Agosti

Mwanatabu, ninayekaa naye dawati moja, amekuja kutusindikiza. Anatembea upande wa pili wa njia, buibui amelikusanya mkononi. Mate ya mbwa ni najisi kwake; pua ile mbichi ikimgusa, anaapa, wallahi, nitamfulia mimi! Lakini harudi kwao.

Na leo nimegundua jambo! Nikimwambia Inspekta akae, hanisikii. Lakini kila tukikutana na mtu mzima tunasimama. Shikamoo, marahaba, mama hajambo, baba je, bibi yako mguu umepoa? Bi Dhahabu aliacha mahamri kwenye mafuta akatuuliza hali ya ukoo mzima. Inspekta alichoka kungoja, akakaa. Akapumua vizuri kabisa!

Kuanzia kesho tunapita njia yenye wazee wengi.

Jumapili, 21 Agosti

Tumefika kanisani na kurudi. Hajakohoa hata kidogo. Siku hizi anakaa kabla sijamaliza kusema shikamoo. Bibi anasema mbwa huyu ana adabu kuliko wajukuu zake wote. (Mimi nikiwemo?)

Ijumaa, 26 Agosti

Kamba ilinichomoka. Kuku yule yule! Inspekta mbio, masikio nyuma. Nikamwita, wala hakugeuka. Ndipo Mwanatabu, ng'ambo ya njia, akapiga ukelele: "SHIKAMOO!"

Inspekta akakaa palepale. Ulimi nje, lakini amekaa!

Na Bi Dhahabu kutoka kibandani: "Marahaba, mwanangu! Hamjambo?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mwanatabu akamsogelea Inspekta, karibu amguse kichwa. Kisha akakumbuka. Akamwambia amemfurahisha, lakini akae huko huko.

Jumatano, 31 Agosti

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari. Baba ameingia na Inspekta. Mimi nimeambiwa ningoje, kwani daktari anataka kusikia moyo wa mbwa, si kilio changu. Sawa. Silii.

Dirisha liko wazi. Baba amesema, "Shikamoo, daktari." Nikasikia kucha kwenye saruji, kisha kimya. Najua alichofanya!

Daktari ameuliza nani amemfundisha.

"Binti yangu," Baba amejibu. Polepole, kama anayetaja kitu chake cha thamani.

Sasa daktari anasikiliza. Mungu wangu, mbona muda mrefu hivi? Nasikia mkia tu, unapiga sakafu — pu, pu, pu.

Daktari anacheka! Anasema tuendelee kutembea!

Baba ananiita. Abee, Baba! Naja —