Trela Nimelichukua Mimi

Baba Pacha,

Ukiamka ukakuta trela halipo uani, usiite watu. Nimelichukua mimi. Viti vya harusi vinatakiwa ukumbini saa tatu.

Chai iko kwenye chupa. Watoto waende shule na viatu, si kandambili.

Nimehangaika na minyororo na makufuli yako manne tangu alfajiri. Nimekuita mara tatu kuulizia funguo, ukanijibu “mm.” Basi nikamwomba jirani yetu fundi wa kuchomelea aje akate. Mashine yake imenguruma robo saa nzima chini ya dirisha lako. Pacha wameamka, mtaa umeamka. Wewe, uliyejigamba jana kwamba hata paka akipita uani unamsikia, umejivutia shuka.

Kufuli la mwisho lilikuwa la sanduku la trela. Tulipolikata, funguo zote zilikuwa humo ndani. Umezificha vizuri, mwizi asingezipata.

~~Nunua minyororo mipya.~~ Usinunue kitu. Kuanzia leo mimi ndiye nitakayelala upande wa dirisha.

Mama Pacha