Chaki kwenye Boliti Nne

Kaka yangu,

Arobaini yako ilisomwa juzi nyumbani kwa mama, Manundu. Wali ulitosha, na watu walikuja mpaka kutoka Sindeni. Bado wanasema ulikufa kwa mwendo, kwamba ulitaka kujionyesha na gari la mzungu. Walisema hivyo mbele ya mama, nami nikaendelea kugawa sahani. Sijalia hata siku moja, kaka. Nakula, nalala, king'ora cha shamba kikilia naingia gereji, na ndani yangu sisikii chochote.

Wewe ndiye uliyekitaka kile kigari. Cha Kiingereza, viti viwili, hakina paa. Meneja wetu, yule mzungu wa shamba la mkonge pale Mnyuzi, alikiendesha bila maji kwenye rejeta mpaka injini ikapasuka, akataka kukitupa. Ukamwambia, "Bwana, injini ya ile pikapu iliyopinduka ni nzima." Nilikucheka. Injini ya kubebea mkonge kwenye kigari cha kwendea kunywa chai! Ukanijibu, "Wewe cheka, mimi napima." Ukapima kwa kamba na kijiti, ukakata vishikio vya zamani vya injini na kuchomelea vipya. Giaboksi nayo tukaitoa kwenye pikapu. Ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma ikawa ndefu mno, ukaikata, ukaiunga, ukaizungusha kwa mkono asubuhi nzima mpaka ukaridhika kwamba haichezi. Jumapili tatu tuliifanya kazi hiyo. Najua kwamba nilikuwa na furaha, lakini siikumbuki ilivyokuwa.

Sheria yako ya gereji ilikuwa moja: aliyekaza boliti ndiye anayeipaka chaki, na iliyopakwa chaki haiguswi tena. Ulisema kumkagua mwenzako ni kumtukana.

Sasa nisikilize. Boliti nne zinazofunga shafti kwenye giaboksi nilizifunga mimi. Mbili nilizikaza kwa spana. Mbili nilizizungusha kwa vidole tu, na kwa kuwa chaki ilikuwa tayari mkononi, nikazipaka zote nne, nikijua nitarudi nikishakula. Meneja akaja mapema, kabla sijazikaza, anataka gari lijaribiwe. Uliinama, ukaziona alama nne, ukauliza, "Tayari, mdogo wangu?" Nikatazama alama zangu mwenyewe, nikaziamini.

"Tayari, kaka."

Ulishika njia ya Handeni. Tulipokufikia, shafti ilikuwa imechomoka mbele na kuchimba barabara, na kigari kimelala miguu juu. Boliti mbili zilikuwa zimekatika. Matundu mawili yalikuwa matupu. Mkono wa gia ulikuwa kwenye namba mbili. Hukuwa na mwendo wowote, kaka. Niliyaona hayo peke yangu, nikanyamaza.

Mazikoni watani wetu Wanyamwezi walikuja na ovaroli yako. Mmoja aliivaa, akajilaza chini ya kitanda, akaigiza sauti yako: "Lete spana ya nusu, upesi, unalala?" Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mama naye alicheka. Mimi nilipapasa mfukoni kutafuta spana, kweli kabisa, nimpe.

Jana nilikwenda Manundu. Nilimweleza mama yote, chaki, vidole, na ile gia ya pili. Nilitaka anipige, angalau nisikie maumivu. Hakunyanyua mkono.

"Kwa hiyo mwenzio hakuwa na mwendo?"

"Hakuwa, mama."

"Basi Ijumaa, wakishasali, utasimama uwaambie watu."

Nikasema ndiyo. Akanipakulia chakula, akakaa mbele yangu akinitazama nikila. Nilimaliza chote. Aliuliza kama niongezwe.

Lala salama, kaka. Kesho ni Ijumaa.

Mdogo wako uliyemwamini