Mbuzi wa Baba Hapandi Basi

Mpendwa mdogo wangu Rehema,

Marahaba. Najua ukiona mwandiko wangu utaniamkia hata kama unajua nimenuna, kwa hiyo naitikia mapema tuendelee. Uliniomba kwenye simu nilifunge vizuri daftari letu la kumbukumbu, nilipakie kwenye basi lije Iringa, ili wifi yako Jesca aone tulivyokuwa tunalipamba. Nikakujibu nitafikiria. Nimeshafikiria, na nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu ungenichekesha nikakubali.

Nina wivu, Rehema. Nasema wazi usije ukamwambia mumeo kwamba dada amechoka au dada ana mawazo ya biashara. Ni wivu mtupu, ule wa kumfanya mtu mzima aache chakula mezani.

Unakumbuka daftari lilivyoanza? Hapa nyumbani Mwankoko hatukuwa na kamera, na simu ya baba ilikuwa ya tochi. Wewe ulikuwa bado sekondari, mimi nimeshamaliza na nimeanza kufuga kuku wa kuuza. Ukaja na daftari lenye jalada gumu ukasema mwezi usioandikwa unapotea. Tukapatana kwamba kila mwezi ukiisha, Jumapili tukitoka kanisani, tunaandika yaliyotokea nyumbani, halafu tunapamba. Kwa kuwa kumchora mzazi sura yake tuliona ni kukosa adabu, tukaamua watu wote wawe wanyama. Tulijiona tumejificha sana.

Mama akawa bata, kajifunga kitenge, na pochi kwapani. Mjomba wa Issuna, ambaye alikuwa hakosei saa ya chakula, akawa ngedere mwenye kijiko chake mfukoni. Wewe ukawa sungura. Mimi ukanifanya punda, eti kwa sababu nikikasirika sisogei, nikakubali kwa sharti uniwekee hereni. Mimi nilikuwa nachora miili, maana mkono wangu ulikuwa umetulia, kisha nakusogezea daftari wewe uweke macho na vikorombwezo vyako. Rangi tulikuwa hatuna. Alizeti tulizipaka binzari, majani tukayasugua kwa majani ya kunde, na mpaka leo kurasa zile ukizifungua zinanukia mchuzi.

Baba tulimfanya beberu mwenye kofia ya pama, kaegemea baiskeli. Siku aliyolikuta daftari juu ya kabati la vyombo, sisi tulikuwa jikoni tunachungulia na uji unaungua. Alikaa kizingitini akafungua ukurasa mmoja mmoja, taratibu, kama anayesoma barua ya serikali. Akatuita. Akauliza kwa Kinyaturu, kofia ile ni ya nani. Mimi nikaangalia chini. Wewe ukajibu kwamba ni ya mbuzi.

Akaitazama tena, akasema, “Basi mvalisheni na viatu. Huyu ni mtu mzima.”

Tangu siku hiyo ikawa mwezi ukikaribia kwisha anauliza mbuzi mwezi huu kafanya nini. Tulimchora akifukuzana na upepo ulioezua bati la jiko. Tulimchora pale njia panda ya Mkiwa, baiskeli imepata pancha na yeye anaitolea mahubiri. Mwezi aliougua tulimlaza chini ya alizeti, viatu kavivua kaviweka pembeni. Na tulipotoka kumzika, wewe ndiye uliyelifunga daftari ukaniambia, “Mbuzi ni wa baba tu. Hatumpi mtu mwingine.” Mimi nikasema haya. Kwangu lilikuwa neno la kudumu.

Sasa nikwambie nilichokiona kwenye status yako, ingawa wewe ndiye uliyeiweka. Ukurasa wa mwezi wa nyumba yenu ya Iringa. Uzuri wake siupingi, Jesca anajua kuchora. Ana kalamu za kila rangi, ana vile vikaratasi vya kubandika vya maua, na mistari yake haitetemeki. Lakini macho ya wale wanyama niliyajua kabla sijasoma neno, jicho moja kubwa na jingine limesinzia. Ulikuwa umeyaweka wewe. Nikajua Jesca ndiye anayechora miili sasa. Nilikaa na simu mkononi mpaka mteja akaniuliza kama kuku wanauzwa au wanaonyeshwa.

Nikakuza picha kwa vidole. Shemeji twiga, Jesca swala mwenye viatu virefu, mama mkwe wako kanga. Nikamtafuta punda. Hayupo, wala sikutegemea sana, ile ni familia yao. Kisha pembeni, chini ya mti, nikamwona beberu. Kofia ya pama. Baiskeli. Viatu.

Umempa baba mkwe wako mbuzi wa baba.

Nilikupigia papo hapo, na ulinisikia nilivyokuwa. Ukasema ni mchoro tu. Nikakuuliza kofia ile ni ya nani. Ndipo ukasema kwa sauti ya chini, “Dada, mzee ananilea vizuri. Nilikosa mnyama mwingine wa baba.” Jibu hilo lilinichoma zaidi, kwa sababu sikupata pa kulishikia. Ungenijibu vibaya ningekugombeza, yakaisha. Nikakata simu nikasingizia salio.

Na si hilo tu. Krismasi ulipokuja nililitoa daftari nikaliweka mezani kabla hata hujanawa mikono. Tangu uolewe nimekuwa nachora miili peke yangu kila mwezi, nakuachia nafasi ya macho. Nilijua utakaa, utacheka, utawapa macho wote. Ulicheka kweli. Ukapiga picha kurasa zote ukamtumia Jesca, halafu mkaanza kuchekea simu, wewe na yeye, mkichambua kurasa zetu, mimi niko hatua chache pale nakata vitunguu. Mama akaniuliza mbona machozi. Nikamwambia vitunguu vya mwaka huu vikali. Uliweka macho ya mnyama mmoja, ukasema mengine kesho, na kesho yake ukaondoka.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilitaka kukutumia huo msemo peke yake, bila salamu, nikajizuia. Nimejizuia mara nyingi, mdogo wangu, hunipi sifa.

Basi jibu langu ni hili. Daftari silitumi. Sitaki liwekwe chini ya kiti cha mtu nisiyemjua, na sitaki lifike kwako bila wewe kulifuata. Kwa sababu ukishalipata, Rehema, utakuja kwetu kufanya nini? Mama utamsalimia kwa simu. Mimi utaniona kwenye harusi na misiba. Hilo ndilo ninaloliogopa, na nisingeliandika kama ningejua njia nyingine ya kukueleza. Likitakiwa, njoo. Na huyo Jesca mlete. Nikikuta ananishinda kuchora nitanuna, lakini nitampikia. Mkwe wako mtafutie mnyama wake mwenyewe. Mpe ng'ombe, mpe tembo, akitaka simba mpe simba. Mbuzi muache alipo.

Kuna jambo sikukwambia kwenye simu. Mwezi uliokwisha ugonjwa wa kideri ulipita bandani kwetu. Ndani ya siku chache kuku wote niliokuwa nawakuza kwa ajili ya sikukuu walikwisha, kabaki mtetea mmoja tu, sijui kaponaje. Kila asubuhi mama anaamka anafagia banda ambalo halina kitu.

Jumapili, mwezi ulipoisha, nikakaa na daftari kama kawaida. Nikaandika yaliyotokea. Nikachora banda, mlango wake, na yule mtetea kasimama katikati. Nilimchora vizuri, huenda kuliko mnyama yeyote niliyewahi kumchora. Nikamtazama nikaanza kulia, kwa sababu alikuwa kuku tu, kasimama kwenye banda tupu. Ungekuwepo ungemwongezea kitu, sijui ungemvisha nini wewe mtoto, lakini mimi na mama tungecheka humo humo ndani ya msiba wa kuku, na kesho yake ningeamka nikaenda kutafuta vifaranga. Sijaenda bado. Wiki ya pili hii nimekaa.

Nimejaribu kufanya kazi yako, nimeshindwa. Naweza kuchora yaliyotupata. Kuyafanya yavumilike ulikuwa unaweza wewe, na sasa unawafanyia watu wengine, kila mwezi, wakiwa wazima na kuku wao wazima. Jesca ana rangi zote na ana wewe. Rangi sizitaki.

Msalimie shemeji na wazee wa hapo. Wifi yako nitamsalimia mwenyewe akifika.

Ni mimi,
dada yako.