Noti Niliyompita Nayo Zuhura

Mjukuu wangu Rahma,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Dada yangu, yaani bibi yako, hajambo. Mimi mdogo wake wa mwisho ndiye bibi ambaye bado ananyonyesha. Mtoto anaota meno, usingizi sina.

Umeniuliza kama umpongeze mwenzio aliyechukuliwa na kundi la taarabu, wakati mlianza fidla pamoja, ila wewe sasa unasomea ushonaji. Nitakwambia jambo ambalo hata kuliandika naona haya.

Mimi na Zuhura tulifundishwa fidla na mwalimu mmoja hapa Kariakoo. Yeye akaendelea, mimi nikaenda kuuza mitandio. Siku moja nikamkuta anapiga kwenye harusi Magomeni. Alianza peke yake, mwimbaji akiwa bado anangoja zamu yake, na ukumbi mzima ukatulia. Kile kipande mimi kilinishinda kwa mwalimu. Nikainuka na noti kwenda kumtuza. Nilipomfikia, wivu ukanishika. Nikampita, nikamtuza mwimbaji.

"Shoga, mbona mie sijaimba?" mwimbaji akasema. "Au umetuza gauni?"

Watu wakacheka. Zuhura akainamisha macho, akaendelea kupiga.

Mpaka leo tukikutana ananiuliza hali ya watoto, na sijawahi kumwambia kwamba alipiga vizuri.

Basi mpigie simu mwenzio leo hii, umpongeze. Usingoje roho itulie, maana yangu haijatulia mpaka sasa.

Mimi kesho nafunga duka mapema niende kwa Zuhura. Sijui nitaanzaje.

Bibi yako mdogo,
Mwanaidi