Ekerenyo Ilipohamia Kakamega

Jumatano. Mtoto amelala, hatimaye.

Alama moja tu ya kutoa imenitia aibu. Asubuhi, huku binti yangu Bosibori akinyonya, niliandika skripti, programu fupi ya kompyuta, ya kuweka majina ya masoko juu ya picha ya rada ya mvua. Wingu zito likaonekana juu ya Ekerenyo, anakoishi mama mkwe. Nikampigia asianike nafaka yake ya wimbi.

Akatii, akawaambia hata majirani. Jua likawaka mpaka saa tisa.

Akanipigia: "Mama Bosibori, hiyo mvua yako imepanda boda gani?"

Nikakagua. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na mimi niliandika latitudo bila alama ya kutoa inayoonyesha kusini. Nilikuwa nimeihamisha Ekerenyo yote, na migomba yake, mpaka upande wa Kakamega, kaskazini. Niliporekebisha, wingu lingine lilikuwa linaingia Ekerenyo yenyewe.

"Mama, anua wimbi. Safari hii ni kweli."

"Nimeshaanika, mwanangu. Wewe lea mtoto."

Nikakataa kukata simu. Tukabishana mpaka nikasikia matone kwenye bati lake. Akakata yeye, bila kuaga.

Nilikaa na wasiwasi hadi jioni, ndipo ujumbe wake ukaingia: "Nusu imelowa. Kesho nitumie picha yako ya mvua kabla sijafungua mlango."