Maji ya Kisima Chetu na Ndege ya Marehemu

Alhamisi, 2 Agosti 1973

Mke mwenza kapandwa na homa tena! Hija, rubani wetu, katua saa tano kutoka Mafia, kashuka kanuna. Mshale wa joto la injini umegusa alama nyekundu. Pangani haendi. Abiria wanne na maboksi ya dawa za hospitali wamebaki chini ya bawa, nami nikawaomba radhi mmoja mmoja.

Mke mwenza ndiyo hii ndege, jina nililompa tangu siku marehemu mume wangu Majaliwa alipomleta hapa kiwanjani Dunda, mtumba wa watu wa kupima ardhi. Injini moja, puani, inakunywa mafuta ya taa. Watu wa Dunda wakamwita jiko linaloruka. Mume kafa, mke mwenza kaniachia mimi. Namsema sana, lakini akipaa moyo wangu hupaa naye. Hilo sijamwambia mtu.

Barua imekuja leo: mkaguzi wa ndege atafika Ijumaa ya tarehe 17.

Jumatatu, 6 Agosti 1973

Kutwa bandani, namtazama Fundi Pazi. Kila skrubu anayoitoa huilaza juu ya shuka jeupe, kwa mpangilio ule ule ilivyotoka, hata moja haigusi chini. Ikipotea moja hali wala hasemi mpaka ionekane. Akimaliza ananawa mikono, anafungua daftari la ndege, anaandika alichofanya, anatia sahihi. Kila kazi na sahihi yake! Hata kuosha injini. Maana upepo wa pwani una chumvi, unaila injini kwa ndani, na kitabu chake kinataka ioshwe kila siku baada ya safari ya mwisho. Maji safi, ndoo mbili, yanapulizwa puani huku pangaboi likizungushwa. Maji tunaleta kwa mkokoteni kutoka kisima cha nyumbani kwetu. Kisima cha babu! Dunda nzima hakuna kitamu kama hicho, hata maharusi hupelekewa maji yake.

Leo kabadilisha vipuri vya kunyunyizia mafuta, kakagua nyaya za mshale. Kawasha. Homa pale pale.

Hija kasema mbele yake kwamba fundi ndiye anayeiua ndege. Nami nikatia langu: nikamwuliza Pazi kama macho yameanza kuzeeka. Yeye aliendelea kukunja shuka. Ulimi huu wangu utanifikisha pabaya siku moja.

Alhamisi, 9 Agosti 1973

Hakuna safari. Pazi kaanza upya, tangu skrubu ya kwanza. Mtu gani huyu!

Jumamosi, 11 Agosti 1973

Mwaija, mke wa mpwa wangu, bibi harusi wa siku tatu kutoka Fukayosi, kaja asubuhi kuniamkia. Shikamoo, marahaba, kaa mwanangu. Nikammiminia chai. Kapiga funda moja, kakunja uso, kakiweka kikombe pembeni. Nikambana aseme.

"Mama, nisamehe. Hii chai haijatiwa chumvi badala ya sukari?"

Nikacheka. Nikaonja – tamu. Nikampa maji matupu ya mtungini.

"Na haya pia, mama. Kwetu maji hayako hivi."

Kwanza nikakasirika. Mtoto wa juzi, anakikosoa kisima cha babu! Halafu nikaikumbuka injini. Nikateleka sufuria ya maji yale yale, nikayaacha yachemke mpaka yakauke. Chini kukabaki ukoko mweupe. Nikaulamba. Chumvi! Sisi tumezaliwa nayo, ndimi zetu haziisikii tena. Injini haikuzaliwa Dunda. Tangu Februari tunaiosha kwa maji haya, kila siku.

Na Pazi aliomba! Mara mbili aliomba, kabla ya masika, tuweke mifereji kwenye paa la banda tukinge mvua. Nikamcheka. Nikamwambia hilo ni tusi kwa kaburi la babu yangu. Akasema, haya bibi. Masika yakapita, matone yote yakaenda mchangani.

Jumapili, 12 Agosti 1973

Nimempelekea Pazi sufuria. Nilitaka agombe, ningepata nafuu. Kakwangua ukoko kwa kucha, kaonja. Kisha kasema alhamdulillahi, ugonjwa umejulikana. Injini itasafishika, ila kuna vyuma vya ndani vimeshaanza kuliwa, lazima vibadilishwe.

Nikamwambia kosa ni langu. Kakataa. Daftari halina jina langu, kasema, lina lake, kila siku tangu Februari: imeoshwa kwa maji safi. Aliyetia sahihi ndiye aliyepaswa kuyapima.

Nimelia. Mimi Biubwa, ninayeogopwa sokoni, nimelia mbele ya fundi wangu. Yeye akajishughulisha na kufuta spana iliyokuwa safi tayari, nisione haya.

Jumatano, 15 Agosti 1973

Hija kanijia barazani. Ushauri wake: mwache Pazi aubebe mzigo, mwenyewe kajitolea. Mkaguzi akijua kuwa mwenye ndege alimkatalia fundi, cheti cha ndege kitazuiliwa, tena huenda nisipewe kingine. Pazi akinyang'anywa leseni, mafundi wapo Dar, tutapata mwingine.

Pazi ana miaka hamsini na tatu. Kazi nyingine haijui wala haitaki.

Sikumjibu Hija ndiyo. Lakini hapana pia sikusema, na hilo ndilo linalonitia aibu.

Ijumaa, 17 Agosti 1973

Mkaguzi kafika saa tatu. Kijana mpole, suruali pana, kaniamkia vizuri. Yuko bandani na Pazi. Nimeambiwa nisubiri nje, naandika hapa kwenye kiti, kikapu mapajani. Mabati hayafichi sauti.

Anafungua daftari. Anasifu mwandiko. Hajaona daftari safi namna hii, anasema, pwani nzima! Nimevimba kwa fahari kama mama aliyesifiwa mwana.

Sasa anauliza maji yalitoka wapi. Kisimani, Pazi anasema. Nani aliamua? Mimi. Hukuwa na shaka nayo? Nani basi alipaswa kuyapima? Pazi anasema tena, mimi. Alipoulizwa kwa nini hatukukinga maji ya mvua hakumtaja mtu yeyote. Hata "bibi" haikumtoka.

Ametoka mkaguzi na karatasi. Maelezo ya fundi yamejaa, chini kuna nafasi ya mwenye ndege. Anasema nitie sahihi tu kuthibitisha, kisha yeye awahi sala ya Ijumaa mjini. Pazi kasimama mlangoni, ananiashiria kwa kichwa: tia, bibi, tia.

Mke mwenza amelala kimya kule kivulini, pua wazi. Najaribu maneno hapa kwanza, nisiharibu karatasi ya watu:

Mimi Biubwa binti Msabaha, mwenye ndege. Fundi Pazi aliniomba maji ya mvua mara mbili. Mara zote mbili nilimcheka.

Ndivyo nitakavyoandika. Mkaguzi anaangalia saa. Pazi anakuja huku kunizuia, anatembea upesi –