Nyuzi Zilizolegea Mbele ya Wakwe

Besi, rafiki yangu, usinipigie. Soma tu.

Sikuwa na bisibisi ndogo. Sikuwa na miwani. Sikuwa na wa kunishikia tochi. Na subira, unanijua, sikuwa nayo kabisa.

Vile vifundo vya kukazia nyuzi kwenye gitaa langu kuukuu la chuma vilikuwa vimekaza kama vina kutu ya makusudi. Jana nikavitia mafuta ya cherehani ya marehemu mke wangu. Wapi! Nikachukua kisu, nikalegeza skrubu zote mpaka vikazunguka kwa kidole kimoja. Nikajiona fundi.

Leo harusi ya mjukuu wangu. Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, nyuzi zikaanza kulegea zenyewe. Kumbe zile skrubu ndizo zilizokuwa zikivishika vifundo! Nakaza, zinalegea. Nakaza, zinalegea. Wakwe wanatazamana.

Mwanangu akanyakua kipaza sauti. Mwanangu wa kumzaa, Besi!

"Mzee, umetuburudisha, kapumzike. Gitaa hilo nitalitundika sebuleni liwe pambo."

Ukumbi mzima ukacheka. Pambo! Mtoto aliyelelewa na nyuzi hizo hizo, ananiambia pambo.

Nimerudi nyumbani nikakaza skrubu. Sasa limeshika, halitetereki. Kisha nikamwandikia mwanangu barua. Sikusoma shule ya usiku bure. "Gitaa hili hutalirithi. Nikifa, ni la Besi."

Bahasha nimeifunga kwa gundi, nimeitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la posta.

Anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu.